Ng'ombe Hali, Maziwa Yameshuka: Anza na Kipimajoto

Mama mmoja jirani yangu huku Kibosho, Kilimanjaro, aliniita alfajiri, masika yakiwa yamekolea. Ng'ombe wake wa uzao wa kwanza alikuwa ametoa lita mbili badala ya saba za kila siku, na pumba aliyowekewa jioni ilikuwa bado ipo kwenye hori. "Mwanangu, huyu hajakanyaga nje tangu nimnunue," akaniambia. "Ndigana, homa ya kupe, ataipatia wapi?"

Nikampima joto: nyuzi 41.2. Nikapitisha mkono chini ya sikio, nikakuta mtoki mkubwa kama yai la kuku. Kisha nikaenda kwenye mzigo wa majani uliokuwa umeegemezwa kwenye mgomba, nikaukung'uta juu ya gunia jeupe. Tukasubiri kidogo. Kupe wadogo wa kahawia wakaanza kutembea juu ya gunia, mmoja, wawili, watano. Majani yalikuwa yamekatwa jana yake tambarare, kule ambako ng'ombe wa kuchungwa hupita kila siku. Kupe alikuja bandani amebebwa kichwani, na mama mwenyewe ndiye aliyembeba.

Dawa za mifugo zimejaa madukani Moshi na Arusha. Kinachopungua bandani ni dakika tano za kumwangalia mnyama kabla ya kukimbilia sindano. Huku kwetu karibu kila ugonjwa huitwa ndigana, na nimeona ng'ombe wakifa kwa homa ya maziwa huku wamechomwa dawa ya ndigana mara mbili. Kwa hiyo nataka tuanze pale ninapoanza mimi kila ninapoingia kwenye banda la mtu.

Dakika tano za kwanza

Nunua kipimajoto. Kile cha binadamu cha dijitali kinatosha kabisa, ila kikishaingia bandani kisirudi ndani ya nyumba. Kipake mafuta kidogo, kiingize kwenye njia ya haja kubwa, ukikilaza kiguse ukuta wa utumbo. Ukikichomeka katikati ya kinyesi kitakupa jibu la uongo. Ng'ombe mkubwa mwenye afya huwa kati ya 38 na 39.3. Ndama anaweza kuzidi hapo kidogo, na mchana wa jua kali mtu asishtuke kuona ongezeko dogo. Ikivuka 39.5, hesabu kwamba ana homa. Ikishuka chini ya 38, hilo nalo ni tatizo, na mara nyingi ni la haraka kuliko homa.

Wakati kipimajoto kinasubiri, tazama ubavu wa kushoto. Kila dakika tumbo lile lijiviringishe mara moja au mbili. Weka ngumi pale penye shimo nyuma ya mbavu na utalisikia likisukuma. Tazama kama anacheua. Funua mdomo uone rangi ya fizi: waridi ni salama, nyeupe au njano si salama. Angalia kinyesi, angalia mkojo, kamua matone mawili ya kila chuchu kwenye kitambaa cheusi. Yote haya yaandike, hata nyuma ya daftari la mtoto, maana daktari wa mifugo ukimpigia simu atakuuliza hayo hayo.

Joto ndilo njia panda yetu. Wenye homa wana njia yao, wasio na homa wana yao.

Ana homa na mitoki imevimba

Hii ndiyo ndigana kali, ugonjwa ulioua ng'ombe wengi wa kisasa kaskazini kuliko mwingine ninaoukumbuka. Mdudu wake huenezwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Mtoki wa kwanza kuvimba huwa ule wa chini ya sikio, kisha wa mbele ya bega, kisha ule wa mbele ya paja. Joto hupanda hadi 40, 41, hata 42. Siku za mwanzo mnyama bado anakula kidogo, ndiyo maana watu huchelewa. Baadaye huanza kukohoa, kupumua kwa shida, macho kutoa machozi, na mwisho povu jeupe puani. Povu likishatoka, mapafu yamejaa maji na nafasi ya kumwokoa ni ndogo.

Dawa inayoua mdudu huyu ni buparvakwoni. Ile ya kawaida madukani ina miligramu 50 kwa kila mililita, na kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwenye nyama ya shingo. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mililita 20, na usiziweke zote mahali pamoja. Gawa, nusu upande huu, nusu upande ule. Akiwa na hali mbaya, daktari anaweza kurudia baada ya siku mbili au tatu. Bei yake inauma, najua. Ndiyo maana watu huchoma oksitetrasaiklini peke yake kwa kuwa ni rahisi. Kwa ndigana kali iliyokwisha kujitokeza, oksitetrasaiklini haiponyi. Unapoteza siku mbili, na siku mbili ndizo alizobakiwa nazo.

Kuhusu kupe kuna jambo linalotupa nafuu. Kupe akishang'ata, huchukua siku kama tatu au nne kabla vijidudu kukomaa kwenye mate yake na kuingia kwa ng'ombe. Kwa hiyo anayenyunyizia dawa kila wiki, na mara mbili kwa wiki msimu wa mvua, anamkata kupe kabla hajamaliza kazi. Pulizia ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya miguu na kwenye kiwele, maana mgongoni ndiko kupe walipo wachache. Fuata kipimo cha kuchanganya dawa. Kuizimua ili idumu ni kuwafundisha kupe kuizoea. Na yale majani ya tambarare, yaanike juani siku moja au mbili kabla ya kuyaingiza bandani, mbali na banda. Chanjo ya ndigana kali nayo ipo, ya kuchanjwa mara moja, na huku kaskazini imetumika kwa miaka mingi. Hufanywa na wataalamu kwa utaratibu wao, mnyama akiwa mzima. Muulize afisa mifugo wa kata yako.

Wanaofuga kando ya Hifadhi ya Arusha, kule Momella na Ngurdoto, wawe macho zaidi. Nyati wa porini hubeba vijidudu vya jamii ya ndigana bila kuumwa, na kupe akitoka kwa nyati akahamia kwa ng'ombe, ugonjwa huwa mkali na wa haraka. Majani ya mpakani mwa hifadhi yaache yalipo.

Ana homa, mitoki haikuvimba

Tazama fizi na mkojo. Fizi zikiwa nyeupe zikigeuka njano, kinyesi kikavu cheusi chenye ute, mnyama amekonda ghafla, hiyo ni ndigana baridi. Huwapiga sana ng'ombe wakubwa. Huenezwa na kupe wa bluu, lakini pia na sindano. Nimeona mtu akichanja ng'ombe sita wa majirani kwa sindano moja, na baada ya mwezi watatu wakaugua. Hapa oksitetrasaiklini ndiyo mahali pake. Ile ya asilimia 20 ya kudumu ni mililita 1 kwa kila kilo 10.

Mkojo ukiwa mwekundu au rangi ya chai ya rangi iliyokolea, huo ni ugonjwa wa kukojoa damu. Unatibiwa kwa diminazini au imidokabu, na upewe kipimo na mtaalamu, maana imidokabu ikikosewa inadhuru. Homa kali pamoja na kutembea kwa kunyanyua miguu juu kama farasi, kuzunguka, kugongagonga ukuta, shuku moyo maji, unaoenezwa na yule kupe mkubwa wa rangi rangi mgongoni. Oksitetrasaiklini ya mapema huokoa. Akishaanguka na kupiga miguu, mara chache.

Kama fizi ni nzuri, mkojo mzuri, na homa ipo, shika kiwele kabla hujafikiri kingine. Na kama ng'ombe kadhaa wanachuruzika mate na kuchechemea kwa wakati mmoja, funua midomo. Ukikuta malengelenge na vidonda kwenye ulimi na kati ya kwato, huo ni ugonjwa wa miguu na midomo. Ni wa virusi, hauna dawa ya kuuponya. Safisha vidonda kwa maji ya chumvi, wape majani laini, na utoe taarifa siku hiyo hiyo. Usimpeleke mnyama hata mmoja mnadani.

Amezaa juzi, hawezi kusimama, masikio ya baridi

Jina homa ya maziwa limewaponza wengi, kwa sababu ugonjwa huu hauna homa. Joto hushuka, 37 au hata chini yake. Humpata ng'ombe mwenye maziwa mengi, kwa kawaida kuanzia uzao wa tatu, ndani ya siku tatu za kuzaa. Kalsiamu yote imekimbilia kwenye maziwa na misuli imebaki bila nguvu. Kwanza hutetemeka na kuyumba. Kisha hukaa chini, hugeuza kichwa kukilaza ubavuni, shingo ikijikunja kama nyoka. Pua kavu, masikio ukiyashika ni baridi kama jiwe la mtoni.

Mkalishe kifua chini, miguu ikiwa chini ya mwili, na umwekee magunia ya majani makavu pembeni asilale ubavu. Akilala ubavu atajaa gesi na kukabwa na cheuo. Usimnyweshe chochote, uji wala maji ya chumvi: koo limelegea, kitaingia mapafuni. Kisha mpigie daktari, usiku au mchana. Chupa ya kalsiamu ya mililita 400 huwekwa kwenye mshipa wa shingo polepole, dakika 10 hadi 20, ikiwa imepashwa joto la mwili, huku mtu akisikiliza moyo. Ikikimbizwa moyo husimama. Hii ndiyo tiba ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu chupa haijaisha mnyama huanza kutetemeka mgongoni, hubeua, hunya, na baada ya saa moja yuko wima anatafuta ndama. Siku ile usimkamue akaisha, mwachie.

Lakini kabla ya chupa, kamua kila chuchu. Ng'ombe aliyezaa akawa amelala, amepoa, macho yamezama, anaweza kuwa na ugonjwa wa kiwele wa sumu, na maziwa yake yatatoka kama maji ya kuosha nyama. Huyo kalsiamu peke yake haitamwinua. Na kama yuko macho, anakula, joto ni zuri, ila miguu ya nyuma haimtii baada ya kuzaa ndama mkubwa, ni mishipa ya fahamu ya nyonga iliyobanwa. Anahitaji matandiko manene na kugeuzwa mara kadhaa kwa siku.

Yule ambaye wiki tatu baada ya kuzaa anakonda, anakataa pumba lakini anachagua majani, na pumzi yake inanukia utamu kama tunda lililoiva mno, ana upungufu wa sukari mwilini. Daktari atampa glukosi ya mshipa na propilini glaikoli ya kunywa siku chache. Huku vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, chanzo ni migomba. Mgomba ni maji zaidi ya sehemu 9 kati ya 10. Ng'ombe anashiba na bado ana njaa. Mpe, lakini usimfanyie chakula kikuu wakati anakamuliwa.

Ubavu wa kushoto umejaa kama ngoma

Uliza amekula nini. Lusini au majani ya viazi vitamu yenye umande hutengeneza povu tumboni. Parachichi zima, mbegu ya embe au kiazi vinaweza kukwama kooni gesi ikakosa njia. Huyo utamjua kwa mate mengi na shingo aliyoinyoosha. Wa povu, mnyweshe mafuta ya kula mililita 300 hadi 500 taratibu kupitia pembeni mwa mdomo, bila kumnyanyua kichwa juu sana. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa mlimani, jambo ambalo huku kwetu halihitaji kutafutwa, mfunge kijiti mdomoni atafune, mtembeze. Wa kukwama kooni usimpe mafuta na usisukume kwa fimbo. Ita mtaalamu mwenye mpira. Akiwa anaanguka na kupumua ulimi nje, tumbo hutobolewa upande wa kushoto, na hiyo ni kazi ya aliyefundishwa.

Tofautisha na aliyevunja kamba akala debe la unga wa mahindi, au aliyepewa machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ya sherehe nzima kwa siku moja. Huyo tumbo linapigapiga maji, kinyesi ni cha majimaji chenye harufu kali ya uchachu, anayumba kama mlevi. Ni asidi. Mwondolee nafaka yote, mpe majani makavu, na baikaboneti ya soda gramu 100 hadi 150 ndani ya maji huku daktari akiwa njiani. Machicha ni chakula kizuri akizoeshwa kidogo kidogo.

Maziwa yamebadilika, au yamepungua bila sababu

Ugonjwa wa kiwele wenye mabonge, damu na uvimbe wa moto kila mtu anauona. Unaotufilisi ni ule uliojificha, ambapo maziwa yanaonekana safi na lita zinapungua mwezi hata mwezi. Kuupima ni rahisi. Changanya gramu 15 za sabuni ya unga kwenye nusu lita ya maji. Kamua kila chuchu kwenye sahani yake, weka maji ya sabuni kiasi sawa na maziwa, zungusha. Yakibaki mepesi, robo hiyo ya kiwele ni nzima. Yakigeuka mazito kama ute wa yai, ni gonjwa. Fanya kila wiki mbili. Inachukua muda wa kuchemsha chai.

Robo iliyoumwa ikamue mara nyingi iwezekanavyo, kila saa mbili au tatu, umwage mbali na banda. Kisha, baada ya kukamua jioni ikaisha kabisa, futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti na uingize dawa ya mrija. Maliza mirija yote iliyoandikwa, hata maziwa yakionekana mazuri siku ya pili. Ukikatisha, ugonjwa hurudi sugu. Maabara ya mifugo ya serikali ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Robo ikikataa dawa mara mbili, peleka sampuli ya maziwa badala ya kubahatisha mrija wa tatu.

Na maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa usiyauze. Soma idadi ya siku kwenye lebo, uihesabu kutoka sindano au mrija wa mwisho. Mama anayegandisha mtindi wa biashara hukutambua: mtindi unakataa kuganda, maana dawa imeua bakteria wanaougandisha, na pishi lake lote limeharibika. Mtoto anayeyanywa hana namna ya kutambua.

Kinga iko mikononi. Nawa, osha kiwele, kila ng'ombe na kitambaa chake, mgonjwa akamuliwe mwisho. Ukimaliza chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini na umpe majani mabichi asimame nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu hubaki wazi muda huo na akilala kwenye mavi anaingiza ugonjwa mwenyewe.

Mimba imetoka, au kondo limebaki

Kondo la nyuma likipita saa 24 halijatoka, ita mtaalamu. Usilivute, usilifunge jiwe. Mimba ikitoka miezi ya mwisho, chukulia kwamba ni ugonjwa wa kutupa mimba hadi kipimo cha damu kiseme vinginevyo. Huo unaingia kwa binadamu: homa za vipindi, viungo kuuma, watu wakitibiwa malaria miezi. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, zika kijusi na kondo kwa kina, chemsha maziwa mpaka yafure.

Ndama anaharisha, ng'ombe mkubwa ana uvimbe chini ya taya

Ndama asiyepata dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa sita za kwanza huishi kwa bahati. Mpe lita mbili mapema na mbili nyingine kabla ya saa 12 kupita. Akiharisha, usimkatishe maziwa; katikati ya milo mpe lita moja hadi mbili za maji ya uvuguvugu, kila lita ikiwa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Macho yakizama au akishindwa kunyonya, hayo maji hayatoshi, anahitaji ya mshipa.

Uvimbe laini wa maji chini ya taya, pamoja na kukonda, shuku minyoo ya ini. Mzigo wa majani unarudi tena hapa: nyasi za kando ya mifereji na mashamba ya mpunga ya tambarare hubeba vijidudu vyake. Kata sehemu ya juu, acha ile iliyozama majini, anika vizuri. Dawa ya minyoo ya kawaida haimalizi minyoo ya ini michanga, kwa hiyo dukani taja ini, na utaje kama ana mimba.

Amekufa ghafla

Jana alikamuliwa, leo yuko chini amevimba, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma. Chukulia ni kimeta. Huku kaskazini si hadithi za zamani. Usimchune, usimpasue kutafuta sababu, usimgawie jirani nyama. Ukimfungua, vijidudu vikikutana na hewa hujifunga kwenye ganda na kukaa ardhini miongo. Zuia mbwa na watoto, piga simu kwa afisa mifugo, achimbiwe shimo la mita 2 palepale alipoangukia na afukiwe. Waliobaki wachanjwe. Na aliyekwisha kumshika, akiona kipele kisichouma chenye kovu jeusi katikati mkononi, aende hospitali siku hiyo na aseme wazi kwamba alishika ng'ombe aliyekufa.